Maji ya Kituo Namba Saba

Dobi alikuwa akipiga pasi shati la mtu aliyekwisha kuzikwa.

"La jirani, nyumba ya tatu kutoka hapa," alisema bila kuulizwa, akigeuza ukosi. "Alilileta Jumamosi, Jumatano tukamzika. Sijui nimkabidhi nani. Lakini siwezi kuliacha na makunyanzi, mama. Alikuwa mtu wa kupenda nguo zake."

Inspekta alivuta kigoda kilichokuwa kando ya mlango, akaketi na bahasha mapajani. "Pole kwa msiba wa kwako pia."

"Nimeshapoa," alijibu Dobi, kwa sauti ya mtu ambaye hajapoa hata kidogo.

Mke wake alikuwa wa tano kufa. Baada yake walifuata tisa wengine, wote wa Mtaa wa Bondeni, wote kwa ugonjwa ule ule wa kuhara na kutapika hadi mwili unakauka. Daktari wa hospitali kuu alikuwa amesema wazi kwamba ni kipindupindu na kwamba kimetoka kwenye maji ya bomba. Polisi walikuwa wamekwisha kukamata mtu mmoja, mfungua maji wa Mamlaka ya Maji, mzee ambaye mji mzima ulimwita Bwana Zamu kwa sababu ndiye aliyezungusha koki na kupeleka maji kwa mgao, mtaa huu leo, ule kesho. Barua ya Mamlaka ilidai kwamba Ijumaa tarehe kumi na nne mzee huyo alifungua njia ya pembeni, bomba la zamani linalochukua maji mtoni moja kwa moja bila kuyapitisha kwenye mtambo wa kusafishia. Mkuu wa upelelezi alimpa Inspekta siku mbili za kukamilisha faili. Neno alilotumia lilikuwa "kukamilisha". Hakusema "kuchunguza".

Uani kwa Dobi palikuwa na bomba moja lenye kibao cha bluu: KITUO CHA SAMPULI NA. 7. Ndilo lililomleta.

"Nani huja kuchota sampuli hapa?"

"Yule binti wa maabara. Zamani alikuwa anakuja na vichupa vyake na kiberiti cha gesi, anauchoma mdomo wa bomba kwanza ndipo anakinga maji. Mke wangu akawa anamtania, 'Mwanangu, huyo unayemchoma amekukosea nini?'" Dobi alitabasamu kidogo, kisha uso ukamrudi ulivyokuwa. "Tangu mvua zianze sijamwona."

Inspekta alitoa kwenye bahasha nakala za rejista ya maabara. Kila Jumanne, saa nne asubuhi, Kituo Namba Saba: klorini sifuri nukta tano, vijidudu hakuna, hali safi. Jumanne ya tarehe nne safi, ya kumi na moja safi. Macho yake yalipanda ukutani, juu ya meza ya pasi, ambako kalenda ya duka la vitambaa ilikuwa imejaa duara za wino mwekundu.

"Hizi duara ni za nini?"

"Siku za maji. Bila hizo siwezi kumwahidi mteja nguo zake."

"Tarehe kumi na moja haina duara."

"Kwa sababu maji hayakutoka. Yalitoka Ijumaa ya tarehe saba, yakakatika hadi Ijumaa ya kumi na nne."

"Inawezekana ulisahau kuandika."

Dobi aliisimamisha pasi. "Mama, siku maji yakitoka mimi na mke wangu tunalala tumelowa. Siku hiyo mtu husahau?"

Inspekta hakubishana. Alifungua daftari dogo lenye jalada la nailoni, lililochukuliwa mfukoni mwa Bwana Zamu siku alipokamatwa, akaliweka sambamba na kalenda. Mzee alikuwa ameandika kila alipofungua na kufunga koki, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. *Bondeni fungua, Ijumaa 7. Bondeni funga, Ijumaa 7. Bondeni fungua, Ijumaa 14.* Watu wawili, kila mmoja akiandika kivyake, siku zile zile. Alirudi nyuma kurasa kwa kurasa. Katika Jumanne kumi na moja za mwisho, bomba la uani kwa Dobi lilikuwa kavu mara tisa. Rejista ilikuwa imepima maji safi mara zote kumi na moja.

"Na hii ya wiki iliyopita?" aliuliza, kidole kikiwa kwenye mstari wa mwisho. "Jumanne, tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi."

Dobi aliisoma mara mbili. "Saa nne hiyo jeneza la mke wangu lilikuwa hapo, pembeni ya bomba. Watu wamejaa hadi barabarani. Huyo mwenye vichupa alipita wapi?"

Hakungoja jibu. Alilikunja shati la marehemu, akaliweka juu ya rafu peke yake.

*

Meneja wa Mamlaka ya Maji alimpokea Inspekta kwa heshima zote, akamwonyesha kiti, akamwonyesha na cheti kilichotundikwa nyuma ya meza yake ndani ya fremu ya dhahabu. Kilitoka kwa Mdhibiti, ofisi inayotoa leseni za maji na kusimamia ubora wake nchi nzima. Cheti kilisema ubora wa maji ya mji ule ni asilimia mia.

"Miaka mitatu mfululizo," alisema Meneja. "Sasa mtu mmoja mzembe anatuharibia jina. Inauma."

"Nionyeshe njia ya pembeni."

Walitembea hadi nyuma ya mtambo, palipopita bomba nene la chuma lenye gurudumu la kijani. Meneja alisimama mita chache nyuma ili asichafue viatu. Inspekta alipiga magoti kwenye majani.

Gurudumu lilikuwa limepakwa rangi nene, na rangi hiyo ilishuka hadi kwenye shina lake na kuziba nyuzi zote za skrubu. Haikuwa na ufa wala mkwaruzo. Chini ya gurudumu, pale shina linapoingia kwenye bomba, nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo yenye vyumba sita. Mmoja alitoka, akamtazama, akarudi ndani.

"Rangi hii ilipakwa lini?"

"Mwaka jana. Tulikuwa na ugeni mkubwa."

"Koki ikizungushwa, rangi hupasuka hapa kwenye nyuzi. Haijapasuka."

"Huenda aliifungua, akaifunga, akapaka upya kuficha."

"Na nyigu akawaomba wahame, halafu akawarudisha?"

Meneja hakucheka. "Mimi si polisi, Inspekta. Nimeeleza ninachojua. Maji machafu hayapati njia nyingine ya kuingia mjini isipokuwa hii."

"Isipokuwa hii, au yapite mtamboni yatoke vile vile yalivyoingia."

Ndani ya jengo pampu zilikuwa zikiunguruma kama kawaida.

"Nataka kuona mnapotilia dawa," alisema Inspekta.

"Chumba kile kina ufunguo mmoja, na mtunza stoo yuko likizo."

"Kina dirisha?"

Kilikuwa nalo, lenye nondo na wavu. Inspekta aliyapanga matofali mawili, akapanda, akachungulia. Pampu ndogo ya kuingizia klorini ilikuwa imekaa juu ya kitako chake, mpira wake umechomoka na kuning'inia. Mdomo wa mpira ulikuwa na ukoko mweupe uliokauka, na kati ya mpira na ukuta buibui alikuwa ametandaza utando mpana wenye vumbi. Mapipa ya bluu yalikuwa kumi, yamepangwa ukutani bila vifuniko. Lililokuwa karibu na dirisha lilimtosha. Alilichungulia hadi chini, akaona kitako chake kikavu.

Zaidi ya yote kulikuwa na harufu, au tuseme hapakuwa na harufu. Alikuwa amewahi kuingia kwenye vyumba vya namna hiyo, na klorini humshika mtu puani kabla hajafika mlangoni. Hapa palinuka vumbi tu.

Aliposhuka kwenye matofali Meneja alikuwa amekwisha kutoa simu na kugeuka upande mwingine. Alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, akisema "ndiyo, mheshimiwa" mara nyingi.

*

Mkemia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, koti jeupe limefuliwa vizuri, meza yake safi kupita kiasi. Alisimama Inspekta alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Inspekta aliweka rejista mezani, juu yake akaweka daftari la Bwana Zamu. "Sitakuzungusha. Jumanne tarehe kumi na moja Bondeni hapakuwa na maji. Sampuli hii uliichota wapi?"

Mkemia alilinyoosha daftari likae sawa na ukingo wa meza.

"Jumanne iliyopita, uani kwa Dobi palikuwa na jeneza. Nani alikupisha?"

"Sikwenda," alisema Mkemia.

"Tangu lini hujaenda?"

"Wiki kumi na moja." Alivuta droo na kutoa kisanduku cha plastiki, akakifungua. Ndani kulikuwa na vichupa vya dawa za kupimia, vyote vitupu, vimeoshwa na kupangwa. "Dawa ya kutibu maji na hizi za kupimia hununuliwa pamoja. Ziliisha pamoja. Ningekwenda kuchota nipime na nini?"

"Kwa nini hazikununuliwa?"

"Ununuzi mkubwa husainiwa na bodi ya Mamlaka. Bodi ilimaliza muda wake, mpya haijateuliwa. Meneja alisema tusubiri."

"Na namba hizi?"

Mkemia alitazama rejista kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. "Fomu ya Mdhibiti hutumwa kila wiki. Ina nafasi ya kuandika namba tu. Haina mahali pa kuandika 'hatuna dawa'. Ukiacha nafasi wazi inarudishwa. Meneja akaniambia niandike za mwaka jana."

"Ukaandika."

"Niliandika barua kwanza." Sauti yake ilipanda ghafla. "Wiki ya pili. Nilimwandikia Mdhibiti mwenyewe, nikasema maji hayana dawa na rejista ni ya uongo. Nikaweka jina langu na namba yangu ya simu. Nilisubiri wanipigie. Baada ya siku nane Meneja aliniita ofisini. Barua yangu ilikuwa mezani kwake."

"Ile ile?"

"Ile ile. Mwandiko wangu, na muhuri wao juu. Akaniuliza kama nimechoka kazi. Mimi ndiye ninayemtibu mama yangu, na ndiye ninayelea wadogo zangu. Nikasema sijachoka."

Inspekta alikuwa akiandika. "Wiki tisa zilipita bila mtu kuugua. Kwa nini sasa?"

"Mto ulikuwa unatusitiri. Huku juu mlimani wanakunywa maji ya kisima kirefu, Bondeni peke yake ndiyo hutegemea mto. Kisha tarehe kumi na mbili ikaja ile mvua. Juu ya mto kuna kambi ya machimbo yenye watu zaidi ya elfu, vyoo vyao vya shimo viko ukingoni. Vilisombwa vyote. Tarehe kumi na tatu niliona maji ya kahawia yanaingia mtamboni. Chujio huondoa tope, mama. Haliondoi ugonjwa. Tarehe kumi na nne zamu ikawa ya Bondeni."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Meneja tusifungue. Akasema wiki nzima hawajapata maji, wataandamana."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mkemia alingoja hadi mluzi ulipofifia.

"Nitafungwa?"

"Sijui," alisema Inspekta. Angeweza kumdanganya, lakini siku hiyo alikuwa amesoma uongo wa kutosha. "Ninachojua ni kwamba kuna mzee yuko ndani kwa koki ambayo hakuigusa. Maelezo haya yatamtoa. Utasaini?"

Mkemia alisaini kila ukurasa, taratibu, kama anavyosaini mtu wosia.

*

Kesho yake asubuhi Inspekta alikuwa mtu wa kwanza kufika kwenye ofisi ya kanda ya Mdhibiti. Afisa wa huko alikuwa kijana mtaratibu mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuficha kitu. Alifungua kabati, akatoa jalada, akaitoa nakala ya barua ya Mkemia yenye muhuri wa kupokelewa.

"Tuliipokea," alisema. "Na tuliishughulikia."

"Kwa kuirudisha kwa mtu aliyeshtakiwa?"

"Ndio utaratibu. Lalamiko dhidi ya mamlaka ya maji hupelekwa kwa mamlaka hiyo ijibu. Ilijibu ndani ya muda. Ilisema maji ni salama, na ikaambatisha ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Rejista ya maabara."

"Barua inasema rejista ni ya uongo. Nyinyi mkapokea rejista hiyo hiyo kama jibu."

"Hapakuwa na ushahidi mwingine ndani ya jalada."

"Mngekuja kupima wenyewe."

"Hatuna maabara katika kanda hii. Tukitaka kupima, tunatumia maabara ya Mamlaka."

"Na bodi? Kwa nini hadi leo haijateuliwa?"

Afisa alichukua kalamu moja, akaiweka mezani, akaweka ya pili mbele yake. "Bodi huteuliwa tukishaipendekeza. Tunaipendekeza tukishapokea ripoti ya mwaka ya Mamlaka." Akaweka ya tatu. "Ripoti ya mwaka husainiwa na bodi."

"Lakini bodi haipo."

"Ndiyo. Tumeliona hilo. Tumeandika pendekezo kanuni ibadilishwe." Alikusanya kalamu zake, na kwa mara ya kwanza macho yake yakawa ya mtu na si ya ofisi. "Inspekta, mimi nilisoma barua ya yule dada. Niliisoma mara nyingi. Lakini hakuna kipengele kinachoniruhusu kuamini barua."

Alimpigia nakala bila kudai barua ya maombi. Pengine huo ndio uliokuwa ukomo wa ujasiri wake.

*

Saa sita mchana faili lilikuwa limekamilika. Lilikuwa na picha za gurudumu na nyigu, picha ya pipa kavu, kalenda ya Dobi, daftari la Bwana Zamu, maelezo ya Mkemia yenye saini kurasa zote saba, na barua yenye muhuri wa Mdhibiti. Katika miaka yake ishirini na sita ya kazi, Inspekta alikuwa amepeleka watu gerezani kwa ushahidi mwembamba kuliko huo. Aliliweka mbele ya Mkuu, akabaki amesimama.

Mkuu alisoma kila kitu. Alikuwa mtu wa kusoma, hilo hakuna aliyemnyima. Alipomaliza alivua miwani.

"Kazi nzuri, Nukta." Ndivyo walivyomwita kituoni, kwa jinsi alivyokuwa mkali kwa maelezo yasiyokamilika. "Kazi nzuri sana."

"Naomba mzee aachiwe leo, na Meneja aitwe."

"Mzee alipandishwa mahakamani saa tatu asubuhi. Amekiri kosa."

"Kosa gani? Ile koki haijaguswa tangu mwaka jana!"

"Amekiri kwamba aliigusa. Hakimu atatoa adhabu saa nane." Mkuu aliipangusa miwani kwa tai yake. "Mtu akikiri mwenyewe, mbele ya hakimu, bila kupigwa, nani atakaa kusikiliza habari za nyigu?"

"Kuna maelezo ya Mkemia."

"Yataingia kwenye faili. Yeye amehamishwa, unajua? Barua ilitoka asubuhi hii. Anakwenda kituo cha pampu kule mpakani, safari ya siku mbili. Simu haishiki huko."

"Basi funga maji ya Bondeni, mkuu. Hilo tu. Hadi dawa ipatikane."

"Nikifunga watakwenda kuchota wapi?"

Wote wawili walijua. Wangeteremka mtoni na ndoo zao, mahali pale pale maji yalikotoka.

"Magari ya kubebea maji..."

"Ni ya Mamlaka," alisema Mkuu. "Na agizo la kuyatoa husainiwa na bodi." Alilisukuma faili kumwelekea Inspekta, kwa upole. "Nenda nyumbani ukapumzike."

*

Hakwenda nyumbani. Mahabusu ya mahakama ilikuwa chumba kirefu chenye benchi la saruji na dirisha dogo lililo juu. Bwana Zamu alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi, mikono yake mipana imelala magotini. Alipomwona alitaka kusimama. Inspekta alimzuia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Wamekusumbua bure kuja huku."

"Nimeiona koki ya njia ya pembeni. Hukuifungua."

"Sikuifungua."

"Kwa nini umekiri?"

Mzee alifikiri kidogo. Hakuwa akitafuta uongo, alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia. "Nyumba ninayokaa ni ya Mamlaka, imo ndani ya ua wa mtambo. Binti yangu mjane yuko humo, na wanawe watatu. Meneja alikuja juzi na mwanasheria. Alisema kesi ikiwa ndefu, watatoka. Nikikubali haraka, watakaa."

"Ameandika ahadi hiyo?"

"Amesema kwa mdomo."

"Mzee, huyo ni mtu wa kuandika namba za uongo kwenye karatasi. Kwa mdomo atashindwa nini?"

"Najua." Alitabasamu kwa upande mmoja. "Lakini mimi nina ahadi hiyo tu. Wewe una nini cha kunipa?"

Inspekta alimweleza alichokuwa nacho. Alimweleza habari ya mapipa, ya rejista, ya barua, ya kalenda. Alimweleza kwamba anaweza kusimama saa nane na kumwambia hakimu amebadili kauli, na faili lote lingemsimamia. Aliongea haraka, kwa sauti ya chini, kwa namna ambayo askari mwenzake yeyote angeshangaa kumsikia. Bwana Zamu alisikiliza hadi mwisho.

"Harufu ilipotea tangu miezi miwili na nusu," alisema. "Mimi ninalala mita hamsini kutoka chumba cha dawa. Miaka thelathini na moja nimeamka na harufu hiyo puani. Ilipotea nikaijua siku hiyo hiyo. Nikasema, wasomi wapo, wanajua wanachofanya. Nikaendelea kufungua." Alinyanyua mkono wa kulia, akautazama. "Koki ya Bondeni niliifungua mimi. Mkono ni huu. Yule mke wa Dobi alikuwa akinipa chai nikipita."

"Kutojua si kosa."

"Nimekwambia nilijua."

Askari wa mahakama aligonga mlango kwa funguo. Muda ulikuwa umefika. Bwana Zamu alisimama, akakung'uta suruali, kisha akamshika Inspekta kiwiko.

"Nisaidie neno moja. Wameweka mtu mpya kwenye koki, mpwa wa mtu fulani ofisini. Leo ni zamu ya Bondeni, atafungua saa kumi. Mwambie aifungue polepole. Mizunguko ni kumi na minane. Kila mitatu apumzike, ahesabu hadi mia. Bomba la kule chini ni la kizamani, limechoka. Akiikurupusha litapasuka."

"Nitamwambia."

"Kumi na minane," alirudia mzee. "Usisahau."

Hakimu alisoma kwa dakika nne. Kwa kuzingatia kwamba mshitakiwa hakuisumbua mahakama, alisema, adhabu yake ni miaka saba. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa nyuma kabisa alikaa chini sakafuni, taratibu, bila kulia. Bwana Zamu alimtafuta kwa macho, akamwona, akamwinulia kichwa kidogo kama mtu anayeaga kwenda kazini.

Meneja alikuwa kwenye safu ya pili. Alitoka kabla watu hawajasimama.

*

Inspekta aliendesha gari hadi mtamboni, na langoni walimchelewesha dakika ishirini wakitafuta daftari la wageni. Mfungua maji mpya hakuwepo. Mlinzi alisema amekwisha kufungua tangu saa tisa na nusu, ana safari, akamaliza mapema.

"Aliifungua polepole?"

"Koki?" Mlinzi alishangaa swali. "Aliizungusha mara moja ikaisha. Kijana ana nguvu."

Aliwasha tena gari na kuteremka Bondeni. Hakufika kwa Dobi. Mtaa mmoja kabla, barabara ilikuwa imejaa watu, na katikati ya watu maji yalikuwa yakiruka juu kuliko paa la duka, meupe penye jua, ya kahawia yalipoanguka. Lami ilikuwa imefumuka. Maji yalikata barabara, yakaubomoa mtaro wa maji taka kando yake, yakachanganyika nao na kushuka kwa kasi baina ya nyumba.

Kila mtu alikuwa ametoka na chombo. Ndoo, sufuria, madumu, beseni la kuogeshea mtoto. Wanawake waliinama kwenye mtaro ambako maji yalikuwa yametulia kidogo, wakachota kwa vikombe. Wengine walikuwa wakicheka kwa wingi wa maji, kicheko cha watu waliokaa siku kumi na mbili bila kuona hata tone.

Inspekta alishuka na kupaza sauti. Aliwaambia yeye ni polisi. Aliwaambia wasinywe, hayana dawa, ndiyo yaliyoua. Wa karibu waligeuka. Mzee mmoja aliweka dumu lake chini, akamsikiliza kwa adabu hadi alipomaliza.

"Tumekusikia, afande," alisema. "Ya kunywa yako wapi?"

Kisha akainama, akachukua dumu lake, akarudi kwenye foleni. Nyuma yake mwanamke aliyejifunga kanga kichwani alikuwa amekwisha kujaza ndoo mbili. Alimwona Inspekta amesimama mikono mitupu, viatu vimelowa, akamhurumia.

"Dada, hukuja na ndoo?" Alimnyooshea yake ya akiba. "Chota upesi. Hatujui yatarudi lini."